Kijiji Kilichokuwa Nyuma ya Bafta

Maktaba haijafunguliwa bado. Ghorofani mlinzi anapanga viti vya wasomaji wa magazeti, na huku chini mwanamke wa makamo anashuka ngazi akiwa ameshika viatu mkononi. Mlangoni anavaa ndara, anakwenda kwenye sinki, ananawa mikono kwa sabuni, anaikausha, anaitazama, halafu ananawa tena.

"Mikono ina mafuta hata kama hujala kitu," anamwambia mwandishi wa makala haya, akimwelekeza kwenye sinki hilohilo. "Na hiyo kalamu ya wino iache nje. Humu ndani ni penseli tu. Hata mkuu wa maktaba nampekua."

Mwandishi anaacha kalamu. Mahojiano yote yaliyofuata yaliandikwa kwa penseli, na kama kuna mahali maneno yamepotea, lawama zipelekwe chumba cha ramani.

Mwanamke huyo anarudi sinki na kunawa mara ya tatu. "Siogopi," anasema kabla hajaulizwa. "Ni mazoea tu."

Anaogopa, na ana sababu. Juu ya meza pana iliyo katikati ya chumba imelazwa ramani kifudifudi, mgongo wake ukiwa umevikwa kitambaa cheupe cha bafta kilichogeuka rangi ya chai ya maziwa. Sehemu ya kitambaa imekwisha kubanduliwa tangu jana. Chini ya sehemu iliyobaki, kwa hesabu zake, kuna kijiji alikozaliwa na kuolewa mama yake mzazi, kijiji ambacho leo kiko chini ya maji ya bwawa. Leo ndiyo siku ya kujua kama bado kinasomeka.

Kazini wanamwita Mama Kipimio. Ukimpa ramani yoyote, hata ile inayochorwa nyuma ya kadi ya harusi kuonyesha njia ya kwenda ukumbini, swali lake la kwanza ni kipimio kiko wapi, yaani sentimita moja ya karatasi ni umbali gani ardhini. Wenzake wanasema aliwahi kuuliza hivyo, akacheka mwenyewe, kisha akapotea njia na kufika ukumbini keki imeshakatwa. Yeye hakatai. "Kujua ramani ni kitu kimoja, kujua njia ni kitu kingine. Mimi napotea hata nikienda sokoni."

Kazi yake ni kuorodhesha ramani na atlasi za maktaba. Chumba chake kina makabati ya chuma yenye droo pana na fupi kwenda chini, kila droo ikiwa na ramani zilizolazwa bila kukunjwa. Dirisha ni moja, refu na jembamba, liko juu karibu na dari, na kupitia humo huonekana miguu ya wapita njia. Anawajua wengi kwa viatu vyao. Akiona soli nyekundu zinapita anajua ni saa ya chai.

Ramani ikiingia, anaigeuza kwanza aone mgongo wake. Anaandika jina lake, nani aliichora, ilichapwa mwaka gani, ni ya kipimio gani, ina urefu na upana wa sentimita ngapi. Isipokuwa na mwaka, anautafuta mwenyewe kwa kuangalia vilivyochorwa: daraja fulani lipo au halijajengwa, reli imefika wapi. Mwisho anaipa namba, anaiandika kwa penseli pembeni, na kuingiza yote kwenye kompyuta.

"Atlasi ndiyo inayonichosha," anasema. "Ni kama nyumba ya kupanga. Lango ni moja, lakini ndani kila chumba kina mwenyewe. Kila ramani ina mwaka wake, ina kipimio chake, na hawasalimiani."

Mshahara? Anacheka. Anasema unatosha nauli ya kuja kuufuata. Hata hivyo hajawahi kuomba uhamisho tangu aingie humu akiwa msichana.

Sababu ya kutoomba uhamisho ni mama yake. Nyumbani wote wanamwita Bibi, na ndivyo tutakavyomwita. Wakati bwawa linajengwa, serikali iliwahamisha wanakijiji wote kuwapeleka bonde la pili. Watu waliondoka na magodoro, mbuzi, na hata milango ya nyumba zao. Makaburi yalibaki. Bibi alimwacha huko mtoto wake wa kwanza, msichana aliyefariki akiwa bado anatambaa.

"Mimi ni wa pili," anasema Mama Kipimio. "Dada yangu alibaki kule. Sikumwona, lakini nimekua naye. Mama akipika alikuwa anasema, huyu angekuwa mkubwa sasa, angekuwa ananisaidia."

Kila kiangazi familia huenda kukaa kando ya bwawa. Wanapanda kwenye mgongo wa mlima, mahali pa wazi panapotazama maji, wanatandika mkeka, na Bibi anauliza swali lilelile: yuko upande gani? Hakuna wa kumjibu kwa uhakika. Mume wake alishafariki, na majirani waliohama naye wamekwisha. Kitu pekee kinachoonekana katikati ya maji ni ncha ya kilima cha zamani, sasa kisiwa cha mawe na ndege. Bibi anakikumbuka kilima vizuri, lakini anakikumbuka kutokea nyumbani kwake. Kutokea huku juu, mahali ambapo enzi zile hakuna aliyekuwa akipanda isipokuwa wachunga mbuzi, haelewi kulia wala kushoto.

Ndiyo maana siku ya kwanza kazini, kabla hata hajaonyeshwa mahali pa kutundika mkoba, Mama Kipimio aliuliza zilipo ramani za bonde hilo. Alionyeshwa faharasa ya mfululizo mzima, nchi ikiwa imegawanywa vipande vipande kama vigae vya sakafu, kila kigae karatasi moja yenye namba yake. Alikipata kigae cha kijiji chao. Akaenda kwenye droo. Karatasi ya kabla yake ilikuwepo, ya baada yake ilikuwepo, yenyewe haikuwepo.

Toleo jipya lilikuwepo, lililochapwa baada ya bwawa. "Bluu tupu," anasema. "Pale kwetu ni bluu, na kakisiwa."

Alikwenda mpaka ofisi ya wapimaji. Walimpokea vizuri, wakamtafutia nakala ya toleo la zamani, wakamwambia paa lilivuja mwaka mmoja na karatasi za bonde lile ziliharibika zote. Simu za kisasa zilipokuja, mume wake alijaribu bahati yake.

"Nikamwambia mke wangu, wewe na madroo yako, ngoja nikuonyeshe teknolojia," anasimulia mume huyo, fundi cherehani mwenye duka mtaa wa nyuma ya maktaba. "Nikavuta karibu, bluu. Nikavuta zaidi, bluu zaidi."

Fundi huyu ana sehemu yake katika habari hii, na hajafurahi nayo. Zamani ramani iliyochanika ilikuwa ikitibiwa kwa kubandikwa kitambaa mgongoni kwa gundi ya unga wa ngano. Msichana mpya wa chumba cha ramani ndiye aliyekuwa akitumwa dukani kununua bafta. Bafta ndiyo watu wengi huitumia kwa sanda.

"Alikuwa anakuja mara kwa mara, anachukua mita nyingi, haongei," anasema Fundi. "Nikasema moyoni, huyu dada ana misiba mingi. Siku moja nikashindwa kuvumilia, nikampa pole. Akaniuliza, pole ya nini?"

Walioana mwaka uliofuata. Bafta iliendelea kununuliwa, sasa kwa bei ya shemeji, mpaka wataalamu waliposema kitambaa kinaharibu karatasi na kazi hiyo ikasimamishwa.

Mwaka huu masika yalikuwa makubwa. Unyevu ulipanda ukutani na kuingia kwenye kabati la pembeni, na Mama Kipimio akaanza kutoa ramani zote zenye vitambaa ili azikague moja moja. Mojawapo ilikuwa ramani ya mji huu, iliyopakwa rangi kwa mkono, mitaa ya kijani na waridi, nakala pekee maktaba iliyo nayo. Kona ya bafta yake ilikuwa imeinuka. Akaona chini yake mistari iliyochapwa.

Alipanda kwenye kiti na kuiegemeza ramani kwenye kile kidirisha cha juu, jua likiwa nje. Kupitia karatasi na kitambaa yalitokea maandishi yaliyogeuzwa, ya upande wa nyuma. Akatoa kioo cha kujipakia poda kwenye mkoba. Neno la kwanza alilosoma ndani ya kioo lilikuwa jina la kile kilima.

Maelezo yake ni haya. Kuna kipindi karatasi ilikuwa adimu, na wachapaji hawakuitupa ramani iliyoharibika mashineni. Waliipiga msalaba mkubwa wa wino kuonyesha kwamba haitumiki, wakaigeuza, na kuchapa ramani nyingine mgongoni. Karatasi ya kijiji ilitoka imepauka, wino haukushika vizuri. Wakaipiga msalaba, na mgongoni wakachapa mji. Na kanuni ya chumba cha ramani enzi hizo ilikuwa kwamba upande wenye msalaba ni takataka, unafunikwa.

"Nikatazama ni nani aliyebandika kitambaa," anasema. "Kila mtu alikuwa na alama yake ya penseli kwenye kona. Nikasema, ngoja nimjue huyu mjinga. Alama ilikuwa yangu."

Hakumbuki siku hiyo. Anadhani alipewa rundo zima, akaona misalaba, akapaka gundi. Anainua mikono yake miwili, ile aliyoinawa mara tatu. "Kwa huu nilikuwa naitafuta kwenye droo. Na kwa huu naifunika."

Inamuuma hadi leo, na hafichi. Kinachomuuma zaidi ni wakati uliopita. Bibi ameanza kusahau. Kuna siku anamwita Mama Kipimio kwa jina la yule dada, na kuna siku anauliza baba yako amechelewa wapi. Daktari amewaambia hali hiyo haitarudi nyuma.

"Nataka aonyeshwe wakati bado anajua anaonyeshwa nini," anasema. "Sina ombi lingine."

Lakini ramani si yake. Akapanda juu kwa mkuu wa maktaba, mdogo kwake kiumri, mtulivu, ambaye kabla ya cheo alikuwa mworodheshaji wa vitabu na anaijua kazi. Kubandua kitambaa kunahitaji maji, na maji yangeweza kuzichuruza zile rangi za mkono za upande wa mji. Mji ni nakala moja. Wanafunzi huja kuutazama, mawakili huutumia kwenye kesi za mipaka. Je, uhatarishwe kwa ajili ya karatasi ambayo wachapaji wenyewe waliikataa?

"Nilimuuliza, mama, unaniomba kama mworodheshaji au kama mtoto?" anakumbuka mkuu huyo. "Akaniambia, yote mawili, sitakudanganya. Angesema moja tu, ningekataa."

Aliomba apewe muda wa kufikiri, na anakiri kwamba uamuzi huo ulimsumbua. "Ningekataa asingelalamika. Angeshuka chini, angenawa mikono, angeendelea na kazi. Hilo ndilo lililoninyima raha."

Hatimaye alikubali kwa masharti. Mji upigwe picha kwanza, kila kipande, kwa mashine nzuri. Kazi ya kubandua ifanywe na fundi wa kujalidi vitabu. Na uharibifu wowote utakaotokea, Mama Kipimio auandike mwenyewe kwenye katalogi, bila kupunguza neno.

Fundi wa kujalidi anaingia sasa, akijifuta maji mikononi. Ni mzee mfupi mwenye miwani mbili, moja machoni na moja kichwani, na jina lake la kazini ni Mzee Gundi. Anachukua sponji, anaikamua mpaka inakaribia kuwa kavu, anaigusisha juu ya bafta taratibu, anasubiri. Kisha anaingiza kisu butu cha mfupa chini ya kitambaa.

"Usikiinue juu," anamwambia Mama Kipimio, aliyeshika ncha ya pili. "Kikunje, kirudishe nyuma, kama unamvua mtoto soksi."

Wanakunja kidogo kidogo. Mara kitambaa kinakuja chenyewe, mara kinakataa na kuanza kuondoka na nyuzi za karatasi. Shule ya kijiji, ambayo jana walikuwa wameanza kuiona, imeng'oka na kubaki imeshika kwenye bafta, kijialama cheusi na bendera yake.

"Hii gundi uliipika mwenyewe?" anauliza Mzee Gundi.

"Mwenyewe."

"Uliipika vizuri mno, binti. Ungekuwa mvivu kidogo tungemaliza jana."

Mama Kipimio anatabasamu, lakini macho yake yako kwenye kona ya chini. Anainua ukingo wa karatasi kwa vidole viwili na kuchungulia upande wa mji. Kijani cha mtaa mmoja kimeanza kuchuruzika na kuingia barabarani, doa linalotosha kiganja. Anaachia kitambaa. Anachukua penseli, anaandika: rangi imechuruzika, kona ya chini kushoto, na kipimo chake kwa sentimita.

Mzee Gundi anavua miwani. Kijiji kiko karibu, labda upana wa mkono mmoja mbele. Kwa maji kidogo tu wangekifikia kabla ya saa nne. "Tuendelee au tuache?" anauliza. "Sema wewe."

Mwandishi anaona Mama Kipimio anavyokitazama kitambaa, na anaona kwamba anataka kuendelea. Mtu yeyote angetaka.

"Tusubiri ikauke," anasema mwishowe. "Halafu twende kavu."

Kwenda kavu maana yake ni kuchambua nyuzi za bafta moja moja kwa koleo dogo la kung'olea nyusi, bila maji, ukipuliza vumbi la gundi kando. Asubuhi yote inaishia hapo. Soli nyekundu zinapita dirishani na hakuna anayekwenda kunywa chai. Mkuu wa maktaba anashuka mara moja, anasimama mlangoni mikono nyuma, anaona doa la kijani kwenye maandishi ya penseli, anaitikia kwa kichwa, anarudi juu.

Kisha unafunguka ukingo wa njia. Njia inaleta kisima. Baada ya kisima vinatokea vijimraba vyeusi, vidogo kama punje za mchele, kimoja, viwili, safu nzima, vimepauka lakini vipo. Ni nyumba. Mbele kidogo, chini ya mti uliochorwa peke yake, kuna kiuzio cha nukta chenye alama tatu ndani yake. Mama Kipimio haulizi mtu. Anajua ufunguo wa mfululizo huo kwa moyo. Ni makaburi.

Analia kidogo, ameligeukia kabati ili machozi yasidondoke kwenye karatasi. Mzee Gundi anajifanya anatafuta sponji.

Mtu angetarajia ampigie mama yake simu hapohapo. Hakupiga. Alivuta rula na lenzi, akatandika juu ya kijiji karatasi nyembamba ya kunakilia bila kuibana, akaweka alama ya ncha ya kilima, makutano ya mistari ya kona, na kile kiuzio cha nukta. Akaihamisha karatasi hiyo juu ya toleo jipya, lile la bluu, lenye kipimio kilekile, akalinganisha kilima na kisiwa. Alama ya makaburi iliangukia mahali fulani. Akaondoa, akapanga upya, akalinganisha tena. Mara ya tatu alimwachia Mzee Gundi afanye bila kumwambia jibu lake. Iliangukia palepale.

"Ameshapewa majibu ya kukisia mengi mno," anaeleza. "Kila mjomba alikuwa na kidole chake."

Baada ya chakula cha mchana Fundi, yule mume wake, anamleta Bibi, wameshikana mikono ngazi kwa ngazi. Ni mwanamke mdogo wa umbo, amevaa vizuri, na anapoambiwa anawe anatii huku akinung'unika kwamba watu hawa huosha mikono kama wanakula, na chakula chenyewe hakionekani.

"Leo ni siku nzuri," Fundi anamnong'oneza mkewe. "Ameniita kwa jina langu. Amenidai hata blauzi yake."

Bibi anaketishwa mezani. Anapewa lenzi. Anatazama kwa muda mrefu.

"Hii ni nini?"

"Ni nyumbani, mama. Kabla ya maji."

Bibi anatazama tena, anakunja uso, anaweka lenzi chini. "Siyo."

Fundi anaitazama sakafu.

"Siyo," anarudia Bibi. "Kilima kimekaa vibaya. Kilima kilikuwa mbele yangu. Nikifungua mlango asubuhi, kiko mbele. Hapa wamekiweka mgongoni."

Kwenye ramani kaskazini huwa juu, na kwenye meza ile kilima kilikuwa kwenye ukingo wa chini, karibu na tumbo la Bibi. Kuigeuza karatasi iliyolegea namna ile kungeipasua. Mama Kipimio alifikiri kidogo, kisha akamwambia mumewe, "Shika kiti upande ule."

Wakamwinua Bibi akiwa kitini, mkwe upande mmoja na binti upande wa pili, Bibi akiwaambia watamvunja, wakamzungusha meza nzima mpaka upande wa pili. Wakamweka chini. Sasa kilima kilikuwa mbele yake.

Bibi akavuta lenzi. Uso wake ulibadilika polepole, na mwandishi hatajaribu kueleza zaidi ya hapo.

"Hapa kwa shemeji," akasema. Kidole chake kilikwenda juu ya karatasi bila kuigusa, kama alivyoambiwa. "Hapa kisima. Huyu alikuwa na mbwa mkali. Hapa kwetu. Mlango unatazama huku." Kidole kikatoka nyumbani, kikafuata njia, kikapita kisima, kikapinda penye mti. Kikasimama juu ya kiuzio cha nukta. Hakuna aliyekuwa amemwonyesha.

"Yuko hapa," akasema.

Akakaa hivyo, kidole hewani, mpaka binti yake alipoushika mkono kwa chini kuutegemeza.

"Hawakuandika jina lake," akasema Bibi.

"Ramani haiandiki majina ya watu, mama."

"Si ndiyo kazi yako, kuandika? Basi andika wewe."

Katalogi ina nafasi ya maelezo, ambapo mworodheshaji huweka mambo yanayomsaidia msomaji na ambayo hayamo kwenye ramani yenyewe. Mama Kipimio alikwenda kwenye kompyuta. Alianza na doa la kijani, kama alivyoahidi, kwa sentimita zake. Akaandika shule iliyong'oka na kubaki kwenye kitambaa. Halafu akamwomba Bibi alitamke jina. Bibi alilitamka taratibu, mara mbili, akimtazama binti yake wa pili na akijua kabisa kwamba ni wa pili. Ameomba lisitoke gazetini. Liko kwenye katalogi, na yeyote anayefika maktaba na kunawa mikono anaweza kulisoma.

Mkuu wa maktaba aliyasoma maelezo hayo jioni. Hakufuta kitu. Ameagiza pia ramani nyingine zenye bafta zipitishwe kwenye mwanga, moja moja, na kama kuna kitu nyuma yake kiandikwe kwanza kabla ya yeyote kuomba maji. Mama Kipimio anakadiria kazi hiyo itamfikisha kustaafu. Haonekani kuisikitikia.

Kuna jambo moja alikuwa bado hajamwambia mama yake. Alileta ile karatasi ya kunakilia, akailaza juu ya toleo la bluu, na kumwonyesha palipoangukia alama. Miaka yote walikuwa wakipanda hadi juu na kukitazama kile kisiwa, katikati ya bwawa, wakidhani yuko huko mbali. Hayuko mbali. Yuko kwenye kijighuba kidogo chini ya barabara, pale gari linapokata kona kuanza kupanda mlima. Kiangazi maji yake huwa ya magotini.

"Pale ndipo tunapofunga vioo kwa sababu ya vumbi," alisema Fundi, na sauti yake haikuwa ya utani.

"Kila mwaka tumekuwa tukimpita, mama," alisema Mama Kipimio. "Nisamehe."

Bibi aliitazama kona ile ya barabara, akaitazama bluu iliyo chini yake. Kisha akauliza kiangazi kinaanza lini. Wakamwambia, bado kama miezi miwili.

"Basi mniandikie mahali, nisije nikasahau," akasema. "Safari hii tusimpite."